Chumvi ya Ma'rib na Chumvi ya Balangida: Madini ni Mali ya Nani?

 

 Mwaka huu tulipofika katika darasa la fiqh kwenye mlango wa kuhuisha ardhi iliyokufa, mwanafunzi mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Ustadh, baba akichimba msingi wa nyumba akakuta dhahabu, ni ya baba au ni ya Serikali?" Wenzake waliangua kicheko. Sisi tuliona ni swali zito. Tulimjibu kwa kifupi, adhana ya Alasiri ikatukatiza, tukaahidi kuliandikia katika gazeti letu la mwaka. Ahadi ni deni, na hili ndilo jibu.

Hapa Mbulu na jirani zetu wa Hanang wengi tunaishi kwa mahindi, maharage, vitunguu saumu na mifugo. Habari za madini tunazisikia redioni, tukadhani ni za watu wa Geita na Kahama tu. Lakini sheria ya nchi haitaji dhahabu peke yake. Mchanga unaosombwa mtoni kwa trekta, kokoto, moramu ya barabara, na hata chumvi, vyote vinaingia katika madini. Kwa hiyo kuna familia nyingi zinazoishi kwa madini bila kujiita wachimbaji.

Tuanze na hiyo chumvi.

CHUMVI YA MA'RIB

Wamepokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah habari za Abyadh bin Hammal (r.a.), mtu wa Ma'rib katika nchi ya Yemen. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) akamwomba ampatie chumvi iliyokuwa kwao iwe milki yake. Mtume (s.a.w.) akampa. Alipokwisha kuondoka, mtu mmoja aliyekuwa barazani akamweleza Mtume (s.a.w.) kwamba alichompa bwana yule ni kitu mfano wa maji yasiyokatika: kila afikaye hujichotea, wala hakina taabu ya kukitoa. Mtume (s.a.w.) akairudisha ile chumvi iwe ya watu wote. Katika mapokezi ya Ibn Majah mna nyongeza nzuri: Abyadh alikubali kuiachia kwa sharti ihesabiwe kuwa sadaka yake, akakubaliwa, na badala yake akapewa ardhi na mitende mahali pengine.

Tunaomba msomaji asiipite habari hii haraka. Abyadh hakuizungushia chumvi uzio kwa nguvu zake. Aliomba kwa mwenye mamlaka. Mamlaka yakatoa idhini. Ilipobainika kuwa idhini ile ingewafungia watu mlango wa riziki waliyoizoea, ilitazamwa upya, na yule aliyesema hakukemewa kuwa anaingilia mambo ya wakubwa. Na huyu aliyerudisha hakuondoka mikono mitupu. Mambo hayo yote, yaani mamlaka ya dola, haki ya wenyeji, kusikilizwa na kulipwa fidia, ndiyo yanayogombaniwa mahakamani na bungeni hadi leo katika nchi zenye madini.

Kutokana na hadithi hii, wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafii waliyagawa madini mafungu mawili. Yapo ya dhahiri, ambayo yako wazi na hayahitaji kazi kubwa kuyafikia, kama vile chumvi na kiberiti. Hayo hayamilikiwi na mtu, wala mtawala hana idhini ya kumpa mmoja akawanyima wengine; anayewahi huchukua kiasi cha haja yake. Na yapo ya batini, yaliyofichika, kama dhahabu, fedha, shaba na chuma, ambayo hayapatikani ila kwa jasho na gharama. Hayo mtawala anaweza kumgawia mtu sehemu ya kufanyia kazi. Na mtu aliyehuisha ardhi iliyokufa, kisha ikamtokea dhahabu ndani yake, kwa Imam Shafii dhahabu hiyo ni yake. Imam Malik ana kauli nyingine: uamuzi wa madini ni wa mtawala, hata yakitokea ndani ya shamba la mtu, ili watu wasije wakauana kwa kuyagombania.

Hapo ndipo tunapowashangaza wazee wengi: sheria ya Tanzania katika jambo hili iko karibu na kauli ya Malik kuliko ya Shafii tunayemfuata.

BILAL MWINGINE

Mtume (s.a.w.) alimgawia pia Bilal bin al-Harith al-Muzani (r.a.) machimbo ya Qabaliyya. (Wanafunzi msimchanganye na Bilal muadhini.) Katika hati aliyoandikiwa, kama alivyopokea Abu Daud, mlitajwa mipaka ya alichopewa, kisha likawekwa sharti kwamba hakupewa ndani yake haki ya Mwislamu yeyote. Maana yake, kama ndani ya mipaka ile mlikuwa na shamba au kisima cha mtu, hati ya machimbo haikukifuta.

Baadaye, katika ukhalifa wa Umar (r.a.), huyu huyu Bilal alikuwa na eneo kubwa katika bonde la Aqiq ambalo hakuweza kulifanyia kazi lote. Umar alimwambia ashike lile analoliweza, lililobaki likagawiwa watu. Kumbe mtindo wa kuhodhi eneo kwa karatasi huku wengine wanakosa pa kuchimba haukuanza jana, na dawa yake haikuanza jana.

JUU NI KWAKO, CHINI NI KWA TAIFA

Turudi nyumbani. Tangu enzi za mkoloni sheria za nchi hii zimetenganisha haki ya ardhi na haki ya madini yaliyomo chini yake. Sheria ya Madini ya mwaka 1998 iliendeleza msingi huo, na ile ya mwaka 2010 pia. Kwa hiyo jibu la swali la mwanafunzi wetu kwa upande wa sheria ni hili: shamba ni la baba, dhahabu ni ya taifa. Baba akitaka kuichimba, anaomba leseni kama mtu mwingine. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa Watanzania tu, na muda wake ni miaka 7, kisha huombwa upya.

Mwaka 2017 lilikuja badiliko kubwa. Mwezi Machi mwaka ule Serikali ilizuia makontena ya mchanga wa madini, maarufu kama makinikia, yasisafirishwe nje. Kamati mbili, ya Profesa Abdulkarim Mruma na ya Profesa Nehemiah Osoro, zikatoa taarifa zao kwa Rais John Magufuli, na Bunge likapitisha sheria mpya. Mrabaha wa dhahabu, uliokuwa asilimia 3 chini ya sheria ya 1998 na asilimia 4 chini ya ile ya 2010, ukafika asilimia 6. Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi inayohusika bila kuzinunua. Ndiyo asili ya kampuni ya Twiga, ambamo Barrick ina asilimia 84 na Serikali 16.

Pamoja na hayo, Sheria ya Mamlaka ya Nchi kuhusu Umiliki wa Maliasili ya mwaka huo huo wa 2017 inaeleza kwamba utajiri wa asili ni wa wananchi, na Rais anaushika kwa dhamana kwa niaba yao. Neno hilo la dhamana sisi watu wa madrasa tunalijua kwa jina la amana. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 58, Allah (s.w.) anatuamrisha kuzifikisha amana kwa wenyewe, na hapo hapo anaamrisha uadilifu kwa wanaohukumu baina ya watu. Aliyeshika amana hapewi uhuru wa kuitumia apendavyo. Anaulizwa. Na mwenye kuuliza ni mwenye mali, hata akiwa mchunga mbuzi wa Hanang.

Tunasema hivi kwa sababu neno "mali ya taifa" limetumiwa vibaya na watu wa pande mbili. Wapo wakubwa waliolitumia kumnyamazisha mwanakijiji, kana kwamba yeye si sehemu ya taifa. Na wapo vijana wanaolichukua kuwa ni ruhusa: kama ni ya taifa, basi na mimi ni taifa, ngoja niingie usiku nichimbe. Kuchukua fungu la watu wote kwa siri bila idhini kunaingia katika kula mali kwa batili, jambo lililokatazwa katika Surat Al-Baqara, aya ya 188. Aya hiyo hiyo inakataza kuwapelekea mahakimu mali ili mtu ale haki ya mwenziwe. Tunaona ni vyema aya hiyo isomwe yote, isikatwe nusu.

MERERANI, MKOA WETU HUU HUU

Mfano mkubwa hauko mbali. Wilaya ya Simanjiro iko pamoja nasi katika mkoa wa Manyara, na huko Mererani ndiko mahali pekee duniani panapojulikana kuchimbwa tanzanaiti kibiashara. Jiwe hilo lilipatikana mwaka 1967. Wanaotajwa kuligundua ni zaidi ya mmoja, lakini Serikali ilimtambua mzee Jumanne Ngoma, na mwaka 2018 Rais Magufuli alimpa zawadi ya shilingi milioni 100. Mzee alifariki mwezi Januari 2019. Tangu ugunduzi hadi zawadi ni miaka 51! Jina "tanzanaiti" lenyewe lilibuniwa na duka la vito la Tiffany la New York, mwaka 1968.

Mwaka 1971 Serikali iliyataifisha machimbo. Usimamizi wa shirika la umma ukalegea, wachimbaji wakaingia kwa maelfu kutoka Arusha, Moshi, Singida na huku kwetu. Mwaka 1990 eneo likagawanywa vitalu vinne, A, B, C na D. Kitalu C kikaenda kwa kampuni kubwa, na B na D vikawa vya wachimbaji wadogo. Wamaasai wa Simanjiro, ambao malisho yale yalikuwa yao tangu zamani, hawakuwa wenye sauti kubwa katika mgawanyo ule.

Kisha yakaja maafa. Mwaka 1998 mvua kubwa ilijaza mashimo, wachimbaji wapatao mia wakafa chini ya ardhi. Mwaka 2008 yakarudi tena, makumi ya watu wakafa. Mashimo yalikuwa yamekutana huko chini, maji yakiingia kwa mmoja yanawafikia wote. Inna lillahi wainna ilayhi raajiun.

Tunalitaja hili kwa sababu vijana wa mkoa wetu huvutwa na Mererani, wengine wakiwa bado na umri wa kukaa darasani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mgodini mtu aliye chini ya miaka 18. Mzazi anayesema "mwache akajaribu bahati" ayajue yote mawili, sheria na mashimo. Aidha, vijana wanaoitwa wanaapolo kwa desturi hawalipwi mshahara. Hupewa chakula na kungojea fungu jiwe likitoka. Wanavyuoni wanataka ujira ujulikane, au kama ni ushirika, basi fungu la kila mmoja lijulikane tangu mwanzo. Ahadi ya "tutaona mbele ya safari" ni mlango wa ugomvi na dhulma, na wakubwa wa mashimo walio Waislamu wanalijua hilo.

Mwaka 2017 Rais Magufuli aliagiza kujengwa ukuta kuzunguka machimbo ili kuzuia utoroshaji wa mawe. Ukuta wa kilometa 24 ulizinduliwa mwezi Aprili 2018. Miaka miwili baadaye, Juni 2020, mchimbaji mdogo mwenyeji wa Simanjiro, Saniniu Laizer, aliiuzia Serikali mawe mawili makubwa kwa zaidi ya shilingi bilioni 7, na akasema anataka kujenga shule kwao. Habari hiyo ilifika dunia nzima. Sisi ilitufurahisha kwa sababu ilionyesha kuwa mwenyeji mwenye leseni na soko la wazi anaweza kupata haki yake bila kupita njia za panya. Hata hivyo, haki ya mwanakijiji isitegemee bahati ya mtu mmoja kuamua kujenga shule. Ukuta unaweza kulinda jiwe lisiibwe. Kisima na zahanati za nje ya ukuta zinahitaji hesabu nyingine.

SOMO LA MULBADAW

Pengine msomaji atauliza: kama sheria inamlinda mwenye shamba, kwa nini watu hupoteza? Kwa jibu la swali hili tunaiacha Mererani kidogo, na pia tunayaacha madini, twende Hanang kwenye mashamba ya ngano. Mkasa ule ni wa ardhi, ila ndio uliotufundisha sisi wa huku namna haki inavyopotea.

Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika tambarare za Basotu, ardhi ambayo Wabarbaig walikuwa wakichungia. Shabaha ilikuwa njema, nchi ipate mkate. Lakini wafugaji walifungiwa njia za mifugo na maji, na walilalamika kuwa hata makaburi ya wazee wao, yale wanayoyaita bung'eda, yalipitiwa na matrekta. Kijiji cha Mulbadaw kikaenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu, Arusha, ikakipa kijiji ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua: wanakijiji hawakuwa wamethibitisha kisheria haki yao juu ya ardhi ile. Mwaka 1987 likatoka tangazo la Serikali la kufuta haki za kimila katika baadhi ya vijiji vya Hanang.

Watu waliokuwa wakiishi pale miaka yote, wanaojua kila mti na kila kaburi, wakakosa kitu kimoja, uthibitisho unaokubalika mahakamani. Leo Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inaitambua haki ya kimila kuwa na hadhi sawa na hati inayotolewa na Serikali, na halmashauri ya kijiji hutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Mzazi ambaye bado hajaishughulikia hati hiyo aende ofisi ya kijiji akaulize. Siku mtafiti wa madini atakapofika na karatasi yake, na wewe uwe na yako.

ANACHOWEZA KUDAI MWANAKIJIJI

Mwenye leseni ya madini haruhusiwi na Sheria ya 2010 kufanya kazi ndani ya mita 200 kutoka nyumba bila idhini ya maandishi ya mkaaji, na mashamba yaliyotayarishwa kwa kilimo nayo yana kinga ya namna hiyo. Makaburi na sehemu za ibada haziguswi bila kibali cha maandishi cha mamlaka inayohusika. Ikibidi watu wahame, kuna fidia, na sheria ya ardhi inataka fidia hiyo iwe kamili, ya haki na ya wakati. Tunasisitiza "ya wakati", maana fidia inayokuja baada ya miaka kumi humkuta mwenyewe kaburini.

Ardhi ya kijiji inapotakiwa kuhamishwa kwa manufaa ya umma, kama eneo halizidi hekta 250 mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata mapendekezo ya mkutano huo. Basi asiyehudhuria mkutano wa kijiji asilalamike sana baadaye. Akina mama nao wana haki ya kusema mle, na mara nyingi wao ndio wanaojua kisima kipi kitakauka.

Halmashauri ya wilaya nayo ina fungu lake. Kampuni hulipa ushuru wa huduma kutokana na mapato, na tangu marekebisho ya 2017 mwenye mgodi hutakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kuihudumia jamii inayomzunguka na kukubaliana na halmashauri. Kwa hiyo mwananchi ana haki ya kumuuliza diwani: mpango wa mwaka huu uko wapi, na umesema nini? Pale mambo haya yalipopuuzwa, matokeo yalikuwa machungu. Huko Nyamongo, Tarime, ugomvi kati ya wanakijiji na mgodi wa North Mara ulimwaga damu, na kesi iliyofunguliwa Uingereza na baadhi ya wanakijiji ilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2015.

Sasa tuliangalie Ziwa Balangida, chini ya mlima Hanang. Kiangazi maji yakipungua, ukingoni hubaki weupe wa chumvi, na watu wa vijiji vya jirani hukwangua, hujaza magunia na kupeleka mnadani. Kwa fiqh ya Shafii hiyo ni chumvi ya Ma'rib tupu: dhahiri, iliyo wazi, haki ya kila afikaye. Kwa sheria ya nchi ni madini, nayo huchimbwa kwa leseni. Bonde hilo la Balangida, pamoja na lile la Eyasi upande wetu wa Mbulu, yamewahi pia kutolewa leseni za kutafuta gesi ya heliamu, ile inayopoza mashine kubwa za hospitali za kupiga picha za ndani ya mwili. Heliamu iko ndani kabisa ya miamba, hakuna mkwangua chumvi atakayeifikia kwa jembe, na kuitoa kunahitaji mitaji. Hiyo ni ya batini, na Serikali ina hoja ya kuigawia anayeiweza. Sisi tunaona viongozi wa Hanang na Mbulu wangefanya jambo la heri kuyatenganisha mawili haya mapema: anayetafuta gesi apewe nafasi yake chini, na wakwangua chumvi waundiwe kikundi, kiombe leseni kwa jina la wenyeji, ili asije mtu wa mbali akaiombea chumvi ile leseni peke yake na kuwaacha wao wakiitwa wavamizi kwenye ziwa la babu zao.

SWALI LA PILI

Tulipomsomea mwanafunzi wetu rasimu ya makala haya, akawa na swali jingine. Mtu akipata dhahabu kwa leseni halali, au akiuza chumvi ya Balangida, zakat yake ikoje?

Dhahabu iliyotoka mgodini, kwa madhehebu ya Shafii, ikishasafishwa na kufikia nisabu, ambayo ni kiasi cha gramu 85, hutolewa zakat asilimia 2.5 wakati ule ule bila kungoja mwaka. Mrabaha wa Serikali hausimami mahali pa zakat. Wahanafi wao wanasema ni khumsi, yaani moja ya tano. Tanzanaiti na chumvi hazina zakat kwa kutoka kwake ardhini, kwani Shafii ameihusisha zakat ya madini na dhahabu na fedha tu. Lakini fedha iliyopatikana kwa kuziuza, ikifikia nisabu na ikakaa mwaka mzima mkononi, ina zakat kama fedha nyingine.

Akahesabu kwa vidole, akasema kwa bei ya gunia la chumvi huyo mjomba wake bado sana kufika gramu 85 za dhahabu. Tukamwambia ndiyo, bado, na huenda mjomba mwenyewe yumo katika wanaostahiki kupewa.

Wallahu aalam.